Kupunguza Upepo Mombo

Mombo, 4 Machi 2024

Kwa kaka yangu Aron,

Shikamoo kaka. Bwana asifiwe. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba mvua za huko Lukozi hazijaozesha kabichi shambani. Sisi huku Mombo tunaendelea na joto letu lile lile. Mke wangu Janeth anakusalimu sana. Mama mpe shikamoo yangu, na akishaitikia mpe tena ya pili.

Najua utashangaa kuletewa barua na kondakta wa basi katika zama hizi za simu. Lakini simu yangu hupokei tangu Januari. Uliapa mbele ya madereva wenzako kwamba hutaki kusikia sauti yangu mpaka nikuombe radhi mbele yao hao hao. Basi nikaona niandike, maana barua haina sauti.

Kaka, siandiki kwa ajili ya ugomvi ule. Jumamosi ulipopita hapa kwenye kibanda changu cha matairi bila kusimama, nilikuwa nimeinama kando ya lami naokota spana. Nikaliona tairi lako la nyuma kushoto, lile la ndani kati ya yale mawili yanayokaa pamoja. Lina nundu ubavuni, kubwa kama embe. Wewe huwezi kuliona ukisimama, la nje linalificha. Inabidi ulale chini. Nakuomba ulale chini ulitazame.

Nundu hiyo maana yake nyuzi za ndani zimekatika na kilichobaki ni mpira mtupu unaoshikilia tani zote hizo za kabichi. Najua pia imetokana na nini, na hapo ndipo tulipokosana, kwa hiyo sitasema zaidi leo.

Dada yetu Jenoveva amenipigia kutoka Chalinze. Anasema mama anakwenda kumwona mtoto wake mchanga, na kwamba atashuka na wewe Jumamosi hii. Kaka, usimpakie mama kwenye lori hilo. Kwanza badilisha tairi. Mimi nitalifanya bila kuulizwa chochote, hata usiku, hata usipotaka kunitazama usoni.

Mdogo wako,
Martin


Lukozi, 6 Machi 2024

Kwako Martin,

Marahaba. Sisi wazima. Mama anakusalimu, anauliza kama Janeth bado anakohoa. Kabichi ni nzuri, mapeasi ni mengi mno mwaka huu mpaka mbuzi wameyachoka.

Barua yako nimeisoma yote, hata pale ulipojifanya husemi. Kumbe barua nayo ina sauti, tena kubwa.

Nikukumbushe jambo moja. Nilipoanza kushuka kona za Soni na lori, wewe ulikuwa mgongoni kwa mama unanyonya kidole. Huku juu tunajaza upepo alfajiri, baridi ikiuma. Tukifika Mombo tairi limepata moto, limekuwa gumu kama jiwe. Ndiyo maana kila dereva wa milimani anasimama Mombo na kupunguza upepo kabla ya kushika barabara kuu. Baba alipunguza mpaka alipostaafu, akafia kitandani kwake. Dereva mwenzangu Sefania anapunguza. Na wewe mwenyewe ulitupunguzia miaka yote hiyo huku unacheka na sisi, mpaka Januari ulipoamka na elimu mpya, ukakataa mbele ya watu na kuniambia, mimi kaka yako, kwamba naua tairi kwa mkono wangu. Sefania alicheka mpaka akakaa chini. Hadi leo wakiniona sokoni wananiita mwanafunzi wa Martin.

Sikio halizidi kichwa, mdogo wangu.

Hiyo nundu nimeilalia chini nikaitazama, usiseme sikusikii. Ni jeraha la jiwe la njia ya huku kwetu, na tairi bado lina kashata nzuri, meno yake hayajalika. Lingekuwa kipara ningekwambia. Kuhusu mama, unataka apande basi wakati mwanawe ana lori? Ashikilie siti na watu baki, na mimi napita pembeni kiti kitupu? Watu wa Lukozi watasema nimemtupa. Mwenyewe hataki hata kulisikia neno hilo, ameshafua kitenge.

Ajali haina kinga. Tumwombe Mungu.

Kaka yako,
Aron


Mombo, 7 Machi 2024

Kwa kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mmeamka salama. Huku si salama sana, sijalala vizuri tangu kondakta aniletee majibu yako, na Janeth anasema nikiendelea hivi nitaumwa.

Nakuomba radhi. Niliikataa kazi yako mbele ya watu kwa maneno ya ukali, na mdogo hamsemeshi kaka yake hivyo. Nimekosa. Nitarudia maneno haya mbele ya Sefania na mbele ya yeyote utakayemchagua, nitayasema hata sokoni Lukozi siku ya gulio. Heshima yako nakurudishia yote.

Lakini tairi halijui nani mkubwa, kaka.

Ni kweli nilikuwa napunguza. Nilipunguza kwa sababu baba alinifundisha, na kwa sababu nanyi mliniamini. Kisha nikaanza kuyafungua yale matairi mliyoniletea yamepasuka. Yote ya milimani yalikuwa yamekufa kifo kimoja, ubavu wa ndani umebabuka mweusi na waya zimechomoza. Nikajiuliza mbona ya malori ya Arusha hayafi hivyo. Wao hawapunguzi. Tairi likipata moto upepo wake hupanda, na ndivyo inavyotakiwa. Ukiutoa, unabaki na tairi laini lenye mzigo mzito. Linakunjika na kukunjuka kila linapozunguka, na kule kukunjika ndiko kunakolipa moto zaidi. Mnapunguza ili lipoe, nalo linazidi kuungua. Na lile la ndani ndilo baya zaidi, halipati hewa, halionwi na mtu, jiwe likikwama kati yake na mwenzake linalitafuna kimya kimya.

Hiyo ndiyo elimu yangu yote. Sikuisoma popote, niliikuta sakafuni kwangu.

Jumamosi nitakuwa na tairi zima tayari. Simama nusu saa tu. Mama atakunywa chai kwa Janeth, wakisemezana Kishambaa chao, hatajua hata kama kuna kilichofanyika. Nakusihi kaka.

Mdogo wako,
Martin


Lukozi, 14 Machi 2024

Kwa fundi mkuu wa Mombo,

Marahaba, na salamu tele. Sisi wazima kabisa, na hilo nalisema makusudi ulisome mara mbili.

Tafuta kiti ukae. Jumamosi nilipita kwako kabla hujafungua, maana mama alitaka kufika mapema. Tukapunguza upepo pale mbele pamoja na Sefania, tukashika njia. Segera salama. Chalinze salama. Mama akashuka kwa Jenoveva akiwa hajapata hata vumbi. Mtoto ni wa kike, wamempa jina la mama, Raheli, na bibi mwenye jina amelia mpaka kanga imelowa. Mimi nikaendelea hadi Dar, nikashusha kabichi, nikapakia saruji na kurudi. Tairi lako la kifo limekwenda na kurudi. Nilitaka nilipige picha nikutumie.

Radhi yako nimeipokea. Lakini kwenye barua haitoshi, ulinikosea kwa mdomo mbele ya watu.

Sikufichi pia, maana mimi si mtu wa kuficha. Wakati wa kurudi, nilipokaribia Korogwe, kulikuwa na harufu ya mpira kuungua, na gari likawa linavutia kushoto kidogo. Nikasimama, nikalimwagia maji, nikalipunguza tena upepo, likatulia. Unaona? Mambo haya tunayajua.

Jumamosi nashuka tena, na Jumatatu nitamchukua mama Chalinze turudi naye nyumbani.

Kaka yako,
Aron


Mombo, 15 Machi 2024

Kaka Aron,

Shikamoo. Nisamehe sina salamu ndefu, basi linaondoka na kondakta amesimama mlangoni.

Harufu ile ni tairi linaloungua kwa ndani. Kuvutia kushoto ni kwamba mwenzake ndiye anabeba mzigo wote. Ulimwaga maji juu ya moto ulio ndani ya ukuta, kisha ukatoa upepo tena. Kaka, halikutulia. Limekufa, bado tu halijaanguka.

Nimempigia Jenoveva mara nyingi mpaka mumewe amechukua simu akaniuliza kama nina homa. Mama anasema hapandi basi, mwanawe atamfuata. Nimempigia mama mwenyewe nikamwomba kwa kila jina. Akanijibu, "Mwanangu, ninyi wawili mkigombana msinifanye mimi kamba ya kuvutana."

Nimewaza kwenda kwa polisi wa barabarani nikuchongee wakuzuie. Nimewaza hata kupanda Lukozi usiku na kulitoboa. Sijui nifanye nini tena. Sina mama mwingine, na kaka ninaye mmoja.

Jumatatu nitasimama katikati ya barabara hapa Mombo. Utanigonga au utasimama. Kama Mungu atakufikisha hadi hapa, kona za Soni hupandi na mama na saruji juu ya tairi hilo. Hilo nakwambia mimi mdogo wako, na unipige baadaye ukitaka.

Martin


Lukozi, Ijumaa Kuu, 29 Machi 2024

Kwa mdogo wangu Martin, wodini, Tanga,

Salamu katika jina la Bwana. Sijui nikuulize hali, hali yako naijua. Nilifika mpaka mlango wa wodi wiki iliyopita. Nikaona kitanda, nikaona bandeji, nikashuka ngazi nikarudi stendi. Janeth aliniona, na akikwambia kwamba nilikimbia, amesema kweli.

Muuguzi alimwambia Janeth kwamba hukumbuki kilichotokea Jumatatu ile, unakumbuka kusimama barabarani tu. Nimefikiri kwamba ni haki yako kuambiwa, na anayepaswa kukuambia ni mimi. Kanisani leo nilikaa nyuma. Maneno ya mchungaji sikuyasikia.

Ulisimama barabarani kweli, umetandaza mikono. Nilikanyaga breki mpaka saruji ikasogea. Sefania alikuwa nyuma yangu na lori lake, na pale kibandani walikuwepo madereva wengine wa kwetu wanakula. Wote wakatoka kutazama. Ukapiga shikamoo, ukaniomba radhi mbele yao kwa sauti, kama nilivyokuwa nimetaka, na ukasema sasa nitoe gari pembeni ulifungue tairi. Ulikuwa umeshaweka jeki tayari na lile tairi zima limeegemezwa mtini.

Ningetoa gari pembeni tu. Nawaza hilo kila nikifumba macho. Lakini Sefania akasema, "Haya mwanafunzi, mwalimu ameshaamuru." Wakacheka. Martin, kicheko kile kilinipanda kichwani. Nikakwambia hakuna kufungua tairi hapa. Likiwa laini, lijaze upepo tuondoke, si ndivyo unavyohubiri, kwamba upepo usipungue? Ukaniambia lililoungua halijazwi tena likiwa bado kwenye gari, linaweza kupasuka ubavu. Nikawasha injini. Nikasema utajaza au nipande na mama hivi hivi.

Ukanitazama. Ukasema, "Basi mama ashuke kwanza."

Ukamshusha mwenyewe, ukamshika mkono mpaka ndani kwa Janeth. Ukarudi, ukawafukuza watu wote mpaka ng'ambo ya barabara, hata Sefania ukamsukuma. Mimi uliniambia nishuke nikasimame nao. Nikashuka. Ukavuta mpira wa mashine ya upepo, ukalala chini ya lori peke yako, maana valvu ya lile la ndani haifikiki vinginevyo.

Ulijua. Hilo ndilo linaloniua. Mimi sikujua, nilikuwa mpumbavu, lakini wewe ulijua na ukajaza kwa sababu kaka yako amesema.

Lilipopasuka sikusikia kama mlio, nilisikia kifuani. Vumbi lilipoondoka nikakuona. Nimekubeba mimi, kama hukuambiwa. Damu yako imebaki kwenye shati langu na shemeji yako amelificha nisilione.

Mama yuko nyumbani, alipanda basi. Hanisemeshi. Afadhali angenitukana mbele ya kanisa zima. Ananiwekea chakula na kuondoka.

Lori limesimama uwanjani. Sitaliendesha. Wewe niambie neno moja, lolote. Niambie kama umenisamehe au hujanisamehe, nitalibeba.

Kaka yako,
Aron


Tanga, 11 Aprili 2024

Kwa kaka Aron,

Shikamoo. Anayeandika ni Janeth, maneno ni yangu. Mkono wa kulia wameukata chini ya kiwiko, na ule wa kushoto haujajifunza kuandika. Mbavu zinaunga. Jicho moja daktari anasema tungoje. Chakula nakula. Msalimie shemeji na watoto, na mama mwambie nimeacha kulia usiku, ili naye aache.

Barua yako Janeth amenisomea. Alisimama kusoma mahali fulani na nikamwambia aendelee, na niliyokuwa nimeyasahau yakanirudia.

Unauliza kama nimekusamehe. Sijui, kaka. Kuna asubuhi naamka nimekusamehe kabisa, nataka hata kukutania. Ikifika saa ya kubadili bandeji nakuchukia. Sitaki kukudanganya, na sitaki Janeth aandike neno tamu ambalo sijalisema. Ningojee.

Usidhani nililala chini ya lori kwa sababu ya amri yako. Nililala kwa sababu mama alikuwa anapanda Soni, na sikuwa na njia nyingine. Nikijaza likishika, mtafika. Likipasuka, hamtaondoka. Niliona yote mawili yanafaa. Maisha yangu sikuyapigia hesabu, nilikuwa nimechoka kuogopa.

Sasa nisikilize. Waliokuja kunitazama hapa ni wengi, na wote wanasema neno moja, ajali haina kinga. Sefania alikuja na machungwa. Akaniambia pole, mashine yako ya upepo ilikuwa na kasoro. Mashine, kaka. Nililia mpaka muuguzi akaja. Mkono wangu umekwenda na hakuna aliyejifunza kitu. Wanapita Mombo kila Jumamosi, wanapunguza, na akina mama wauza kabichi wamekaa juu ya mzigo.

Jumamosi nenda kibandani kwangu. Ufunguo uko kwa Janeth, atakuachia dukani kwa jirani. Simama pale wanaposimama, uwaambie. Usiseme ni ajali. Waambie kwa kinywa chako ulichofanya na kwa nini, mbele yao wote, Sefania akiwepo. Wewe ni mkubwa wao, baba yetu ndiye aliyewafundisha wengi wao, wewe watakusikia. Mimi walinicheka kwa sababu ni mdogo.

Ukilifanya hilo nitajua la kukujibu.

Mdogo wako,
Martin


Mombo, Jumamosi, 20 Aprili 2024

Kwa mdogo wangu Martin,

Salamu nyingi. Natumaini mbavu hazikuumi sana leo, na jicho lina nafuu. Naandikia gotini kwenye benchi yako, utasema ni mwandiko wa mtoto.

Nimekuja tangu alfajiri. Nimefagia, nimelipanga lile tairi zima mbele ili walione. Madereva walipoanza kushuka nikasimama barabarani kama ulivyosimama wewe. Wakasimama, wakidhani kuna msiba mwingine. Nikawaambia yote. Nimesema nimemkata mdogo wangu mkono kwa sababu watu walinicheka. Nimesema upepo tunaoutoa hapa ndio unaoua matairi yetu, na baba hakujua, na mimi nilikataa kujua. Nimelitoa lile lililopasuka, nikawaonyesha ubavu wake na waya zake. Sikubakiza kitu, Martin. Nimelia mbele yao, mtu mzima mimi.

Wakasogea karibu kulitazama. Nikadhani wamesikia. Mmoja akanishika bega akasema pole. Mwingine akaomba maji ya kunywa.

Kisha Sefania akasema, tena kwa upole kabisa, "Aron, majonzi yamekuchanganya. Nenda nyumbani ukapumzike, baba yako angesikitika." Akachuchumaa, akatoa msumari, akabonyeza valvu. Ule mlio wa upepo ukitoka niliusikia mpaka kwenye meno. Nikamshika mkono, akauondoa taratibu, kama unavyoondoa mkono wa mlevi. Wengine wakafuata. Mmoja tu aliondoka bila kupunguza, na sijui kama ni kwa sababu ya maneno yangu au alikuwa na haraka.

Juu ya mzigo wa Sefania walikuwepo akina mama watano, na Mwajuma jirani yetu, yule mwenye mapacha, alikuwa kati yao. Nikawaita washuke. Nimewaambia nitawasafirisha kwa basi, wote. Wakaniangalia kwa huruma. Mwajuma akasema Mungu akupe nguvu, baba.

Lori likaondoka. Nikakimbia nyuma yake nalipiga kwa kiganja, na akina mama wakanipungia mkono, wakidhani nawaaga. Nilikimbia mpaka pumzi ikaisha, likapotea njia ya Korogwe.

Nijibu upesi, mdogo wangu. Wewe uliyajua haya kabla yangu, ukayabeba peke yako miezi yote ile. Ulikuwa unalalaje? Jumamosi ijayo watashuka tena, na maneno yangu yote nimeshayasema leo.

Kaka yako,
Aron